Pembetatu milioni 24 kwenye kipakatalishi cha gigabaiti 8

*Swali: Hujambo mtaalamu. Tumepiga picha kwa droni eneo la kilomita mbili kwa mbili kando ya mto Nyando, karibu na Ahero, ili tujue maji yakifurika yatapitia wapi na tuta la kuzuia mafuriko limeshuka wapi. Programu ya kuunganisha picha imetupa faili ya OBJ (maandishi yanayoorodhesha nukta na pembetatu za umbo) yenye nukta milioni 12 na pembetatu milioni 24. Nimeandika programu ya C++ inayoisoma faili hiyo na kuunda muundo wa nusu-upande (kila pembetatu ina nakala yake ya upande inaogawana na jirani) kwa vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, jinsi nilivyofunzwa chuoni, na natumia std::map, kamusi ya C++ iliyojengwa kama mti, kumtafutia kila nusu-upande mwenzake. Kipakatalishi changu kina RAM ya gigabaiti 8 na Ubuntu. Kila nikiiendesha mashine inaganda, taa ya diski haizimi, kisha programu inauawa kabla ya kumaliza kuunganisha majirani. Rafiki yangu hapa Kisumu ananiambia ninunue RAM ya 32. Mwingine anasema nipunguze pembetatu zibaki milioni mbili. Wa tatu anasema nibadilishe double (namba za desimali za baiti 8) ziwe float (za baiti 4). Nimsikilize nani? Na je, kuna njia ya kujua majirani wa kila pembetatu bila kumaliza kumbukumbu?*

Ndugu, tupige hesabu kabla ya kwenda dukani. Pembetatu milioni 24 pamoja na majirani zao wote zinatosha ndani ya gigabaiti moja, na bado utabaki na nafasi ya kufungua kivinjari. Programu yako ya sasa inaomba zaidi ya gigabaiti 9 kwa kazi hiyohiyo. Pengo hilo lote limetokana na namna ulivyouandika ujirani, na karibu nusu yake haimo hata kwenye muundo wenyewe, imo kwenye std::map.

Tazama inavyokuwa. Kwenye mashine ya biti 64, kielekezi kimoja ni baiti 8. Nusu-upande wa vitabuni una vielekezi vitano: cha mbele, cha nyuma, cha mwenzake wa ng'ambo, cha nukta na cha uso, yaani pembetatu yenyewe. Hizo ni baiti 40. Lakini ukiuomba kila mmoja peke yake kwa new (amri ya C++ ya kuomba kumbukumbu), mfumo wa Ubuntu wa kugawa kumbukumbu huongeza baiti 8 za hesabu zake na kuipandisha jumla hadi kigawe cha 16, kwa hiyo unalipa 48. Uso wenye kielekezi kimoja unalipiwa 32, maana mfumo huo hautoi kipande kidogo kuliko hicho. Nukta yenye double tatu na kielekezi kimoja ni baiti 32, nayo inalipiwa 48. Kila pembetatu ina nusu-pande tatu, uso mmoja na nusu ya nukta. Jumlisha 144, 32 na 24 upate 200. Zidisha kwa milioni 24: gigabaiti 4.8.

Hiyo nusu ya nukta si makisio. Kila pembetatu ina pande tatu na kila upande hugawanywa na pembetatu mbili, kwa hiyo pande ni mara moja na nusu ya pembetatu. Kanuni ya Euler inasema nukta toa pande ongeza nyuso ni namba ndogo isiyobadilika, na hapo nukta hutoka takriban nusu ya pembetatu. Milioni 12 na milioni 24 zako zinasema hivyohivyo. Uwiano huu uweke kichwani, kwa kuwa ndio unaokuambia ni wapi kubana kunalipa: baiti moja uliyookoa kwenye pembe ya pembetatu ni sawa na baiti sita ulizookoa kwenye nukta.

Sasa std::map. Kila kifundo cha mti wake hubeba vielekezi vitatu na rangi, kisha ufunguo wako wa namba mbili na kielekezi cha nusu-upande: baiti 48, na zikishapita kwenye mfumo wa kugawa zinakuwa 64. Una nusu-pande milioni 72. Hiyo ni gigabaiti 4.6 nyingine. Jukwaa la fundi limekaribia uzito wa nyumba anayoijenga. Tena kutafuta ufunguo mmoja kwenye mti wa vifundo milioni 72 ni kushuka ngazi zaidi ya 25, kila ngazi iko mahali pake kwenye kumbukumbu. RAM ikishajaa, kila hatua yaweza kuidai diski ukurasa mzima wa baiti 4,096 ili usome namba chache tu. Ndiyo maana taa haizimi: mashine inafanya kazi kwa bidii, ila karibu yote ni ya kubeba kurasa huku na huku, hadi mfumo unapoamua kuiua programu.

Rafiki yako wa RAM hajakosea kabisa. Ukiweka 32, programu ya sasa itamaliza. Ila kabla ya kutoa pesa angalia maelezo ya modeli yako, kwa sababu vipakatalishi vingi vyembamba vina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Na hata ikiongezeka, utakuwa umenunua nafasi ya kuhifadhi mambo ambayo hayakuhitaji kuandikwa. Siku mtakapopima kutoka Ahero hadi mto unapoingia ziwani, mtajikuta palepale.

Yule wa kupunguza pembetatu ndiye ningemsikiliza kwa uangalifu zaidi. Mbinu inayotumika sana, ya Garland na Heckbert ya mwaka 1997, hukunja kwanza zile pande ambazo kuondoka kwake kunaibadilisha sura kidogo kuliko nyingine. Kwenye uwanda wa Kano, ardhi ikiwa bapa namna ile, kibonde cha sentimita 20 juu ya mgongo wa tuta ni badiliko dogo kwa hesabu za mbinu hiyo. Kwa maji, hapo ndipo mlango ulipo. Punguza kwa ajili ya picha ya kuonyesha kwenye baraza. Kwa hesabu ya mafuriko usipunguze, isipokuwa umeweka kikomo cha kosa la wima, tuseme sentimita 3, na umezikataza pande za mgongo wa tuta kukunjwa. Isitoshe, programu ya kupunguza nayo inahitaji kujua majirani. Huwezi kuukwepa ujirani kwa kazi ambayo yenyewe inautegemea.

Wa tatu, wa float, ameshika nusu ya ukweli na nusu ya hatari. Nitamrudia.

Muundo ninaokushauri ni jedwali la pembe, ambalo Rossignac, Safonova na Szymczak walilieleza mwaka 2001. Wazo lake ni kutoandika chochote kinachoweza kuhesabiwa. Zipange pembetatu zote kwenye safu moja ya namba za biti 32, tuiite V, namba tatu kwa kila pembetatu. Pembetatu 0 ina pembe 0, 1 na 2, pembetatu 1 ina pembe 3, 4 na 5, na kuendelea. V[c] ni namba ya nukta iliyoko kwenye pembe c. Sasa angalia ulichopata bila kulipa. Pembe c ni ya pembetatu gani? Gawanya c kwa 3, baki litupe. Pembe inayofuata ni ipi? Baki likiwa 2 ni c − 2, la sivyo ni c + 1. Ya nyuma? Baki likiwa 0 ni c + 2, la sivyo ni c − 1. Vielekezi vitatu kati ya vitano vimeondoka kabisa, na kwa kuwa kila kitu kimelala kwenye safu moja, zile baiti 8 za kila kipande zimeondoka navyo.

Kisichoweza kuhesabiwa ni nani anakaa ng'ambo. Hapo ndipo safu ya pili, O, inapoingia. Fikiria mashamba mawili yanayogawana ua mmoja. Pembe c imesimama kwenye shamba lake, mbali na ua, ikiutazama. Ng'ambo kuna pembe nyingine inayoutazama ua huohuo. O[c] ni namba ya pembe hiyo ya ng'ambo. Ikiwa ua huo ndio mwisho wa eneo mlilopima, andika −1. Basi. V na O ndizo zinazobeba ujirani wote wa ardhi yenu.

Gharama yake: V ni megabaiti 288, O ni 288, nukta kwa float tatu tatu ni 144, na ukitaka kuanza safari kutoka kwenye nukta yoyote, ongeza safu C inayotaja pembe moja kwa kila nukta, megabaiti 48. Jumla ni 768, baiti 32 kwa pembetatu badala ya 200. Wengi hudhani kuhama kutoka vielekezi kwenda namba kunaokoa nusu tu, kwa sababu baiti 8 zimekuwa 4. Nusu hiyo ni sehemu ndogo ya faida. Faida kubwa ni yale uliyoacha kuyaandika. Wala usiogope kwamba biti 32 zitakuishia: namba yenye alama ya hasi na chanya hufika zaidi ya bilioni 2.1, yaani pembetatu zaidi ya milioni 700.

Kuzunguka nukta, jambo utakalolifanya mara nyingi kuliko yote unapolainisha kelele za vipimo au kufuata mteremko wa maji, ni hatua tatu. Uko kwenye pembe c. Nenda pembe inayofuata, vuka kwa O, kisha nenda inayofuata tena. Umetua kwenye nukta ileile, ndani ya pembetatu ya jirani. Rudia hadi urudi ulikoanza. Kosa la kawaida ni kwenye mpaka: ukikutana na −1 mzunguko unakatika, na pembetatu za upande wa pili wa nukta hutaziona kamwe, wala programu haitalalamika, itakupa tu wastani usio sahihi. Dawa ni kuchagua C[v] kwa makusudi. Kwa kila nukta rudi kinyume, yaani nyuma, vuka, nyuma, hadi ukwame kwenye −1 au urudi ulikoanza, na pembe uliyoishia ndiyo uiandike kwenye C. Kuanzia hapo safari ya mbele hupitia pembetatu zote.

Sehemu inayowaangusha wengi ni kuijenga O. Unaweza kuwa na muundo mzuri kabisa kisha ukaujenga kwa std::map, nawe unarudi kwenye jukwaa zito. Jedwali la heshi la unordered_map ni afadhali kidogo lakini bado hutengeneza kifundo kwa kila upande. Hapa hakuna haja ya jedwali lolote. Kwa kila pembe c, chukua nukta mbili za upande inaoutazama, yaani V ya inayofuata na V ya nyuma. Ndogo kati ya hizo iwe mwenye fungu. Andaa safu S ya namba milioni 12 na moja, zote sifuri. Pita pembe zote mara ya kwanza ukihesabu tu: ongeza moja kwenye S ya mwenye fungu. Kisha jumlisha mfululizo, ili S[k] iwe mahali fungu la k linapoishia. Ile nafasi ya mwisho ya ziada itabaki na jumla yote. Pita mara ya pili: kwa kila pembe, punguza S ya mwenye fungu kwa moja, kisha iandike pembe hiyo mahali S inapoonyesha, kwenye safu ya namba milioni 72. Ukimaliza, S[k] imekuwa mwanzo wa fungu la k na S[k+1] ni mwisho wake.

Kila fungu litakuwa na pembe sita kwa wastani, na kulinganisha sita kwa sita ni kazi nyepesi. Ndani ya fungu, tafuta pembe zinazokubaliana pia kwenye nukta kubwa. Zikiwa mbili, ni majirani: O ya a iwe b, O ya b iwe a. Ikiwa moja, ni mpaka. Zikiwa tatu au zaidi, nyuso tatu zimegandana kwenye upande mmoja, jambo ambalo mara kwa mara hutokea kwenye meshi (nyavu za pembetatu) zilizotokana na picha, hasa chini ya miti na kwenye nyasi ndefu. Usijaribu kukisia nani ni jirani wa nani. Zote zipe −1 na uhesabu zimekuwa ngapi. Kagua pia mwelekeo: majirani halali wanaupita upande wao kinyume. Ikiwa V ya inayofuata a ni sawa na V ya inayofuata b, moja ya pembetatu hizo imepinduliwa. Isipogunduliwa hapa, mzunguko wako wa baadaye waweza kuzama kwenye duara lisilo na mwisho.

Kazi hii yote huomba megabaiti 336 za muda, zinazorudishwa ikiisha. Kilele, ukiwa na V, O na nukta tayari, ni gigabaiti 1.06 hivi.

Kwenye kusoma faili kuna mitego miwili. Ukiongeza kwenye vector (safu ya C++ inayojikuza) bila kuitengea nafasi, kila inapojaa hutafuta nafasi mara mbili zaidi, ikanakili, na wakati wa kunakili ya zamani na mpya zote zipo. Kwa hiyo ipitie faili mara moja ukihesabu mistari inayoanza na v ikifuatwa na nafasi, na ile inayoanza na f, kisha tumia reserve, ndipo uisome. Pili, OBJ huanza kuhesabu nukta kwenye 1, kwa hiyo toa moja. Na kama mstari wa f una mikwaju, namba unayoitaka ni ile iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza. O ikishakamilika, ziandike V, O, C na nukta kwenye diski jinsi zilivyo, baiti kwa baiti. Kesho uzifungue kwa mmap, inayoisoma faili kana kwamba iko kwenye kumbukumbu, na kazi ianze bila kutafsiri tena gigabaiti nzima ya maandishi.

Turudi kwa mshauri wa float. Ramani zenu bila shaka ziko kwenye UTM, mfumo wa ramani unaopima mahali kwa mita, kanda ya 36 kusini. Ahero iko kusini kidogo ya Ikweta, kwa hiyo kipimo chake cha kaskazini ni kama mita 9,981,000. Float ina biti 24 za kushika tarakimu. Ukishavuka 8,388,608, namba mbili zinazofuatana kwenye float zinaachana kwa mita nzima. Maana yake nukta zenu zote zitavutwa kwenye mistari ya mita moja moja kaskazini na kusini, na kwa mashariki, kwenye 713,000 hivi, zitaruka kwa sentimita 6.25. Utaona ngazi ngazi kwenye tuta na kudhani droni ilikosea. Kinga yake ni rahisi sana: soma kwa double, toa kianzio cha hapo karibu, tuseme mashariki 713,000 na kaskazini 9,981,000, kisha ndipo ugeuze kuwa float. Mpangilio huo usiupindue. Ndani ya kilomita mbili, float haitakosea hata nusu milimita. Kianzio chenyewe kiandike mwanzoni mwa faili yako, maana meshi isiyojua kianzio chake haiwezi kurudi kwenye ramani. (Na mkiwahi kupima upande wa Maseno, kumbukeni Ikweta inapita pale. Ukiunganisha vipande vya 36 kaskazini na 36 kusini bila kubadilisha, kipimo cha kaskazini kitaruka mita milioni kumi katikati ya shamba la mtu.)

Unaweza pia kubana zaidi. Gawa upana wa kilomita mbili kwa hatua 2,097,152, ambazo ni biti 21, na vipimo vitatu vinatosha kwenye namba moja ya biti 64. Hatua moja ni pungufu kidogo ya milimita, wakati vipimo vya droni vyenyewe vina kosa la sentimita kadhaa. Nukta zinashuka kutoka megabaiti 144 hadi 96. Ningelifanya hilo mwishoni tu, kwa kuwa 48 unazookoa ni kidogo ukizilinganisha na zile ulizokwisha kuokoa. Faida yake ya pembeni ndiyo inayonivutia zaidi: ukizichanganya biti za vipimo vitatu kwa zamu, kwa mpangilio wa Morton, kisha ukazipanga nukta na pembetatu kwa namba hiyo, majirani wa ardhini wanakuwa majirani kwenye kumbukumbu pia. Prosesa huleta baiti 64 kwa mara moja. Ni vyema zote ziwe za mtaa mmoja. Fanya upangaji huo kabla ya kuijenga O.

Je, jedwali la pembe ndilo jibu kwa kila kazi? Hapana. Kama kazi yako ni kukata, kufuta na kuongeza pembetatu mfululizo, linachosha: unalazimika kuziwekea alama zilizofutwa na kuja kuzifinya mwishoni, huku namba zote zikibadilika. Kwa kazi ya namna hiyo chukua Surface_mesh ya CGAL (maktaba ya C++ ya jiometri), ambayo ni nusu-upande ulioandikwa kwa namba za biti 32 badala ya vielekezi. Ukitumia double kwa nukta ni takriban baiti 66 kwa pembetatu, gigabaiti 1.6 kwenu, na mashine yako inaibeba bila shida. Kuziba matundu machache, kulainisha na kufuata maji hakuhitaji hilo.

Swali la uaminifu ambalo halikuulizwa ni hili: mnahitaji pembetatu kweli? Kama programu yenu ya maji inataka kimo kimoja kwa kila mahali, gridi ya sentimita 25 kwenye eneo lenu ni vyumba milioni 64, megabaiti 256 kwa float, na jirani wa kila chumba ni namba ya karibu, hakuandikwi kitu. Gridi inashindwa pale ardhi inapokuwa na vitu viwili juu ya hatua moja: daraja, kalvati, ukuta ulio wima wa mtaro, ukingo wa mto uliochimbwa chini na maji. Kama tuta lenu lina kalvati nyingi, kaeni na pembetatu. Kama ni mashamba ya mpunga na tuta la udongo tu, ningejaribu gridi kwanza.

Na ukitamani kujua kubana kunaweza kwenda hadi wapi, kunakwenda mbali. Gurung na Rossignac walionyesha kuwa hata V yaweza kutupwa: unazipanga upya pembetatu ili kila nukta iwe na pembetatu yake yenye namba sawa na yake, kisha ukitaka kujua pembe c ni ya nukta ipi, unazunguka hadi ukute pembe ile iliyofungamanishwa. Inabaki O pamoja na nukta, megabaiti 432 kwenu, sawasawa na orodha ya kawaida ya pembetatu isiyojua jirani hata mmoja. Mwaka 2011 ukaja muundo wa LR, wa takriban rejeleo moja kwa pembetatu, na mwaka 2013 Zipper, wa karibu biti 6 kwa pembetatu. Chini kabisa kuna sakafu aliyoihesabu Tutte mwaka 1962: haiwezekani kwa wastani kwenda chini ya biti 3.245 hivi kwa kila nukta kwa meshi isiyo na matundu. Ni kazi za kupendeza, lakini kila hatua hulipwa kwa msimbo mgumu zaidi na ugumu wa kubadilisha meshi. Kwa gigabaiti 8 hamzihitaji. Wala msichanganye mambo haya na kubana faili: Draco, programu ya kubana faili za meshi inayotumia mbinu ya Edgebreaker, itawasaidia kutuma meshi kutoka Ahero bila kumaliza bando, lakini ikifunguliwa inarudi na uzito wake wote.

Jaribu msimbo wako kwanza kwa piramidi ya nyuso nne: nukta 4, pembe 12, hakuna −1 hata moja. Kisha, kwenye data yenu, hakikisha O ya O[c] ni c kwa kila pembe isiyo ya mpaka. Hesabu pande: pembetatu mara tatu, ongeza idadi ya −1, gawa kwa mbili. Kwa ardhi ya kipande kimoja isiyo na tundu, nukta toa pande ongeza pembetatu lazima iwe 1, na kila tundu hupunguza moja. Ukipata −340, una matundu kama 341, au una nyuso zilizogandana ambazo ulizikata. Ile hesabu uliyoiweka wakati wa kujenga ndiyo itakayokuambia ni lipi.

Kama pande zilizogandana au zilizopinduliwa ni mamia machache, zirekebishe mwenyewe. Zikifika makumi ya maelfu, tatizo liko kwenye picha na si kwenye programu: beba kipakatalishi na ripoti ya uunganishaji wa picha, ukae ana kwa ana na mtu wa upimaji wa picha katika chuo kikuu kilicho karibu, Maseno kwa mfano, au uwaulize wa RCMRD (kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali) kule Kasarani, Nairobi. Na kabla kimo chochote cha tuta hakijatumiwa kuamua familia zihame wapi au tuta liinuliwe kiasi gani, mpima ardhi mwenye leseni afike Nyando na kifaa chake, apime angalau nukta kadhaa juu ya mgongo wa tuta lenyewe, mzilinganishe na meshi. Muulizeni pia kimo chenu kimeanzia usawa wa bahari au kimeachwa jinsi setilaiti ilivyokitoa. Kimo cha setilaiti na kile cha usawa wa bahari hutofautiana kwa mita kadhaa, na O iliyo safi kabisa haiwezi kuligundua kosa hilo.